Siku ya Tatu, Mpe Jembe

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hii husemwa kwa utani, kumkumbusha mgeni kwamba siku za kuandaliwa chai na kuku zimekwisha. Leo tunaileta mbele ya washarika kwa uzito, kwa sababu inapima vizuri kuliko taarifa yoyote ya idara namna sharika mpya zinavyoanzishwa katika miji yetu ya Korogwe na Handeni. Timu ya misioni hufika, hukaa siku saba, huimba, huhubiri, huhesabu watu, kisha huondoka. Siku ya jembe haimkuti mtu.

Mtindo wenyewe kila msomaji anaujua. Masika yakishakatika na mahindi yakishavunwa, Fuso hupakiwa spika, jenereta, jukwaa na maturubai. Kwaya hupanda basi ikiwa na sare mpya. Uwanja hupatikana karibu na stendi au mahali pa gulio, na kwa jioni saba mji mzima husikia. Watu hunyoosha mikono, huitwa mbele, huombewa, majina yao huandikwa katika daftari. Jumapili ya mwisho huwekwa jiwe la msingi katika kiwanja kilichonunuliwa, picha hupigwa, na Jumatatu asubuhi msafara hurudi ulikotoka. Wiki mbili baadaye taarifa husomwa ibadani kwamba usharika mpya umepandwa, na washarika hupiga makofi na vigelegele.

Sisi tunasema neno "umepandwa" limetumika hapo kabla ya wakati wake. Mwulize mkulima yeyote wa Kabuku au Magoma kama shamba limepandwa kwa sababu mtu alipita akatupa mbegu na kuondoka. Atakuuliza nani atapalilia, nani atarudishia mbegu pale zilipooza, nani atalala kitaluni kufukuza nguruwe pori mahindi yakianza kubeba. Mtume Paulo naye alitumia mfano huo huo alipowaandikia Wakorintho. Mmoja alipanda, mwingine alitia maji, na Mungu ndiye aliyekuza. Kazi ya Mungu hatuigusi. Lakini kumwagilia ni kazi ya mwanadamu, nayo haifanywi na mtu aliye kilomita mia mbili.

Tueleweke. Hatusemi mkutano wa injili ni dhambi, wala hatuwadharau wanakwaya wanaotoa likizo zao na nauli zao. Wako watu walioisikia sauti ya Mungu uwanjani na wamedumu hadi leo. Tunachopinga ni desturi ya kuita mkutano usharika, na kuwaacha waliosikia wajitafutie njia wenyewe.

Mitume walikaa

Watetezi wa mtindo huu hupenda kutaja Kitabu cha Matendo. Na tukifungue basi. Tunamkuta Paulo Korintho akikaa mwaka mmoja na miezi sita, akishona mahema nyumbani kwa Akila na Prisila, akifundisha. Tunamkuta Efeso akijadiliana na watu kila siku katika darasa la Tirano kwa miaka miwili, na alipowaaga wazee wa mji ule mwenyewe alihesabu miaka mitatu ya kuwaonya mmoja mmoja kwa machozi. Huko Filipi kanisa lilianza katika nyumba ya mfanyabiashara aliyekuwa na makazi pale, Lidia, na alipotoka gerezani Paulo alikwenda kwanza katika nyumba ile ile.

Mtu atasema Thesalonike Paulo hakukaa sana. Ni kweli, alifukuzwa. Lakini soma barua aliyowaandikia. Alishindwa kuvumilia, akakubali kubaki peke yake Athene ili Timotheo arudi kuwaimarisha ndugu wale. Krete alimwacha Tito ayatengeneze yaliyosalia na kuweka wazee katika kila mji. Listra na Ikonio, alikokuwa amepigwa mawe na kutishiwa, alirudi mwenyewe kuwatia moyo wanafunzi na kuwawekea wazee. Hakuna mji ambao mtume aliuacha kwa furaha akaandika taarifa ya idadi.

Bwana Yesu mwenyewe alipowatuma wale sabini, aliwatuma wawili wawili. Aliwaambia wakae katika nyumba ile ile iliyowapokea, wale na kunywa walichopewa, wala wasihamehame. Yaani wawe wageni wa wenyeji, wategemee ugali wa wenyeji, wajulikane kwa sura na tabia. Timu yenye wapishi wake, sufuria zake, jenereta yake na kambi yake haimhitaji mwenyeji kwa lolote ila kwa kumhesabu.

Sisi Walutheri tuna sababu nyingine ya kusimama hapa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linatufundisha kwamba kanisa ni kusanyiko la waamini ambamo Injili inahubiriwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa kama ilivyoagizwa. Kuhubiri kwa wiki moja ni sehemu tu ya hayo. Luther alipozikagua sharika za Saksonia mwaka 1528, alikuta watu waliobatizwa wasioijua hata Sala ya Bwana. Hakuwaandalia mkutano. Mwaka uliofuata aliandika Katekisimo Ndogo, ili baba na mama waweze kuwafundisha watu wa nyumba yao mezani na kitandani, asubuhi na jioni. Tunaokariri kitabu kile wakati wa Kipaimara tunapaswa kukumbuka kwamba kilizaliwa na mtu aliyeona hatari ya kanisa lisilofundishwa.

Anayekusanywa ni nani?

Korogwe umekuwa mji wa wapitao tangu reli ya kutoka Tanga ilipoufikia mwaka 1902. Mashamba ya mkonge yalileta manamba kutoka mbali. Barabara kuu ya Moshi na Arusha ilileta wafanyabiashara. Handeni nako, ofisi za serikali, shule na zahanati zimeleta walimu, wauguzi, askari na mabwana shamba. Ingia ibada ya Kilutheri Manundu au Chanika, utakuta Wachaga, Wapare, Wanyakyusa, Wahaya, na Wasambaa walioteremka kutoka milimani. Wengi walikuja wakiwa na barua ya utambulisho kutoka usharika wa nyumbani.

Hali hii ina historia. Wamisionari wa Kiluteri waliofika Mlalo mwaka 1891 walijenga kazi yao katika milima ya Usambara. Bondeni, kuanzia Magila hadi Korogwe na Uzigua, Waanglikana wa UMCA walikuwa wameanza kazi, na alama zao ziko wazi hadi leo, kama kanisa la Kideleko na hospitali ya Mtakatifu Fransisko Kwamkono. Kwa hiyo Ulutheri katika miji hii kwa sehemu kubwa ulikuja na mizigo ya wahamiaji.

Mlutheri aliyehamishiwa Handeni kutoka Moshi anastahili mchungaji, meza ya Bwana na mahali pa kubatizia mwanawe. Kumhudumia ni wajibu, na hakuna anayeupinga. Lakini kuhamisha jina kutoka daftari la usharika mmoja kwenda daftari la mwingine tusikuite misioni. Misioni ni kumfikia yule ambaye jina lake halijawahi kuandikwa katika daftari lolote.

Kuna hatari pia ya kiutendaji, na washarika wa miji hii wanaifahamu. Mhasibu wa usharika ni mwalimu, mwalimu wa kwaya ni muuguzi, mwenyekiti wa wanawake ni mke wa askari. Barua za uhamisho zikitoka, usharika mzima unaweza kupanda basi ndani ya mwezi mmoja. Wanabaki mlinzi wa kiwanja na mabenchi. Usharika usio na mwenyeji katika baraza la wazee umekodi nyumba tu katika mji ule, hata kama una hati ya kiwanja.

Tuulize basi, ni lini Mzigua alisikia mahubiri ya Kilutheri kwa Kizigua? Watetezi husema Kiswahili kinatosha, kila mtu anakijua. Kiswahili kinatosha sokoni na ofisini. Lakini mtu hulia kwa lugha ya mama yake, na hutubu kwa lugha hiyo hiyo. Katika karne ya 19 Wazigua walichukuliwa utumwani hadi Somalia. Wazao wao waliokimbia vita vya huko na kupewa makazi Chogo, wilayani Handeni, walirudi wakiwa bado wanasema Kizigua. Lugha iliyodumu utumwani kwa vizazi vyote hivyo, mhubiri hana sababu ya kuipita kana kwamba haipo. Wamisionari wa kwanza wa Usambara, pamoja na mapungufu yao yote, walikaa chini wakajifunza Kishambaa na kutafsiri Agano Jipya katika lugha hiyo. Timu ya siku saba haiwezi hata kujifunza salamu za asubuhi na jioni.

Mtihani huu sasa umeongezeka. Kuanzia Juni 2022 kaya za Wamasai kutoka Ngorongoro zilianza kuhamia kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, na miongoni mwao wako Walutheri. Mabishano ya uhamisho huo yana mahali pake pengine. Sisi tunauliza jambo moja tu, je, kanisa litakwenda Msomera kuwakusanya Walutheri wake tu, wakae peke yao wakiimba kwa Kimasai, au litakuwa mahali ambapo mfugaji aliyefika juzi na mkulima aliyezaliwa pale wanapiga magoti pamoja, hata siku ambayo ng'ombe wameingia shambani? Kazi ya namna hiyo inataka mtu anayelala pale pale na kuijua kesi ya jana.

Hesabu ya fedha

Tunaambiwa kila mara kwamba tatizo ni fedha, kwamba dayosisi na sharika hazina uwezo wa kuweka mwinjilisti kila mahali. Tupige hesabu ya mfano, ambayo msomaji anaweza kubadilisha tarakimu zake kulingana na anavyojua mwenyewe.

Timu ya watu 40 kwa siku 7, kila mmoja akigharimu shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, ni shilingi 2,800,000. Basi na mafuta tuseme 1,400,000. Vyombo vya muziki, jukwaa na jenereta 1,200,000. Jumla ni shilingi 5,400,000. Fedha hizo hizo zingemlipa mwinjilisti posho ya shilingi 150,000 kila mwezi kwa miezi 36. Posho hiyo ni ndogo, tunakiri, na wapo wanaopata chini ya hapo au wanaolipwa kwa debe la mahindi. Lakini wiki moja ya kelele imegharimu miaka mitatu ya mtu.

Na hapo hatujahesabu jengo. Ukipita barabara ya lami kutoka Korogwe hadi Handeni, au ile ya Mkata, utaona maboma yaliyosimama usawa wa linta, nyasi zimeota ndani, mbuzi wamejikinga jua. Baadhi ni ya makanisa. Ukiuliza utasikia kwamba wafadhili au usharika mama walichangia matofali na bati, lakini hapakuwa na fungu la mtu wa kukaa na watu. Harambee ya bati hujaza ukumbi, kwa sababu bati hupigwa picha na jina la mtoaji likatangazwa. Harambee ya mshahara wa mwinjilisti haina utepe wa kukata. Ndiyo maana tunasema bajeti nyingi za misioni zimesimama kichwa chini. Linaanza jengo, unafuata mkutano, na mtu anayebaki anafikiriwa mwisho kama kuna kilichosalia.

Jirani zetu

Korogwe na Handeni ni miji yenye Waislamu wengi. Familia nyingi za Kizigua, Kibondei na Kisambaa zina Waislamu na Wakristo chini ya paa moja. Mjomba anakwenda msikitini, shangazi ni Mwanglikana, na siku ya msiba wote wanachimba kaburi pamoja. Amani hiyo haikutengenezwa na semina. Imetengenezwa na ndoa, utani, mashamba yanayopakana na kukopeshana chumvi.

Mhubiri anayetoka mbali, asiyejua lolote kati ya hayo, hupanda jukwaani na kuanza kulinganisha vitabu na kukejeli ibada ya jirani. Anashangiliwa na aliokuja nao. Jumatatu anaondoka. Wanaobaki na maneno yake ni wale Wakristo wachache wa mji ule, ambao Jumanne wanapaswa kwenda kununua sukari katika duka lile lile na kukaa benchi moja na jirani zao wakisubiri daktari. Sisi hatuoni ushujaa katika kurusha jiwe na kukimbia huku ukimwacha ndugu yako mlangoni.

Tumfikirie pia aliyenyoosha mkono. Mara nyingi ni mama, au kijana wa miaka kumi na tisa. Jumamosi usiku ameombewa mbele ya umati. Jumatatu anabaki na mume, au baba, au wakwe wanaodai maelezo. Pengine anafungiwa chakula, pengine anaambiwa arudi kwao. Nani anabisha hodi nyumbani kwake siku hiyo? Nani anakaa na baba yake kwa heshima, anamwamkia shikamoo, anamsikiliza hasira yake hadi iishe? Jina lake limo katika daftari, na daftari liko katika kabati la ofisi iliyo mbali. Kumwita mtu atoke nyumbani kwake kiroho bila kumwandalia nyumba ya pili ni ukatili, hata kama umefanywa kwa nyimbo nzuri.

Na jirani zetu Waanglikana, Wakatoliki na wengine tusiwasahau. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba alijitahidi asijenge juu ya msingi wa mtu mwingine. Timu inayoingia Kideleko au Korogwe bila kumsalimu padre wa mahali hapo, kisha ikahesabu watoto wake wa Kipaimara miongoni mwa waliookoka, imechukua kondoo kutoka zizi moja na kumpeleka jingine na kuita kazi hiyo mavuno.

Ushuhuda wa waliobaki

Tunajua jibu linalosubiriwa, kwamba Roho Mtakatifu hafungwi na bajeti wala ratiba, na kwamba siku ya Pentekoste walibatizwa kama elfu tatu kwa mahubiri ya siku moja. Tunaamini hivyo kabisa. Lakini msomaji aendelee mstari unaofuata. Wale elfu tatu walidumu katika fundisho la mitume, katika ushirika, katika kuumega mkate na kusali. Walidumu kwa sababu mitume walikuwepo Yerusalemu Jumatatu. Imani yetu inasema Roho hufanya kazi kwa Neno na Sakramenti, na hivyo vyote vinahitaji mtu mwenye mikono na miguu, anayekaa mahali.

Historia ya kanisa letu katika mkoa huu ni shahidi. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yalipita Korogwe na Handeni yakiwafuata Wajerumani kuelekea kusini. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, na hawakuruhusiwa kurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Fedha kutoka Ulaya zilikatika. Kama kanisa la Usambara lingekuwa kanisa la wageni na majengo, lingekwisha ndani ya miaka ile. Halikuisha, kwa sababu walimu na wazee wa Kiafrika walibaki. Walifundisha watoto, walizika wafu, walisoma Neno Jumapili, na siku nyingine walilima mashamba yao wenyewe ili wale. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 mambo yalijirudia, na waliobaki wakabeba tena. Makanisa saba yaliyoungana mwaka 1963 kuwa KKKT yaliletwa hadi siku ile na watu wa namna hiyo. Wengi wao hawana picha ukutani mwa ofisi yoyote. Walikuwa wenyeji wa siku ya tatu.

Tunachodai

Mabishano yasiyo na pendekezo ni kelele nyingine. Kwa hiyo tunasema wazi tunachotaka kifanyike kabla mji au kijiji chochote hakijatangazwa kuwa na usharika mpya.

Kwanza, waende wachache na wakae. Familia mbili zinatosha kuanza. Akiwa mmoja ni mwinjilisti na mwingine ni fundi seremala, mkulima, mshonaji au mwalimu, ndivyo vizuri zaidi. Wapange nyumba mtaani, watume watoto wao shule ya pale, wachote maji kwenye foleni ile ile. Wajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa sheikh wa msikiti wa jirani, kwa padre na wachungaji waliowatangulia. Mwaka wa kwanza usiwe na spika kabisa.

Pili, posho ya mwinjilisti kwa miaka mitatu ipatikane na kuwekwa benki kabla ya kukodi jukwaa. Sharika tatu au nne zikishirikiana, hili linawezekana. Kama haipatikani, basi mji huo usubiri. Ni heri kuchelewa kuliko kuzaa na kutupa.

Tatu, mafundisho yafanyike nyumbani, kwa lugha ya nyumba hiyo, taratibu, kwa Katekisimo na Biblia. Anayetaka ubatizo afundishwe, na nyumba yake itembelewe, hata wasioamini ndani yake wamjue anayemfundisha. Wakipatikana watu wa kutosha waanzishe jumuiya, jumuiya ikue iwe mtaa wa kanisa, mtaa ukomae uwe usharika. Ngazi hizo tunazo katika katiba zetu. Zinarukwa kwa sababu ya haraka tu.

Nne, jengo liwe la mwisho. Darasa la shule kwa ruhusa ya mkuu wa shule, sebule ya mshonaji, kivuli cha mwembe, vyote vinatosha. Lidia hakuwa na linta ya kumalizia.

Tano, taarifa zibadilike. Badala ya kuuliza wangapi walinyoosha mikono, fomu iulize baada ya miezi kumi na miwili wangapi bado wanakutana, wangapi kati yao ni wenyeji wa pale, wangapi wenyeji wamo katika baraza la wazee, na wangapi walifukuzwa nyumbani na kanisa liliwafanyia nini. Maswali hayo manne yatatuonyesha ukweli ambao makofi yanauficha.

Mkutano mkubwa basi uje baadaye, mwaka wa tatu au wa nne, ukiitwa na waamini wa mji ule wenyewe, wakichagua wenyewe wahubiri wanaojua kuheshimu majirani. Kwaya ije na sare zake, tutaimba pamoja nao. Watu watakaonyoosha mikono watakuwa na mlango wa kubisha hodi kesho yake.

Washarika, nguvu ya kubadilisha jambo hili mnayo ninyi, kwa maana fedha zinatoka katika bahasha zenu. Katika mkutano mkuu ujao wa usharika, bajeti ya misioni itakaposomwa na mwenyekiti akiuliza kama kuna swali, asimame mmoja wenu, mama au kijana, aulize kwa heshima: timu ikisharudi, nani anabaki kule, kwa jina, na analipwa na nani hadi mwaka gani? Kama jibu lipo, pitisheni bajeti hiyo na mwongeze sadaka. Kama halipo, msiipitishe mpaka lipatikane.